Pingili ya Mwisho ya Jongoo

Kitendawili! Usiangalie pembeni, nakutega wewe hapo. Nina mgeni nyumbani kwangu, chakula chake ni maneno yangu. Maji hanywi, jasho halimtoki, na siku ya kuhama yeye alipewa kiti, mimi mwenye nyumba nikapewa mkia. Ni nini hicho?

Umeshindwa. Basi nipe mji. Usinipe Dodoma, huo nimeshapewa na walioshindwa kabla yako mpaka nimechoka kuufagia. Nipe Lwamba. Nipe Lwamba nzima, na milima yake na ukungu wake na maji yake matamu, maana kwa njia nyingine mimi siingii kule. Ahsante. Sasa kaa vizuri nikueleze nilivyokwenda Lwamba, na jibu lako utalikuta njiani.

*

Sisi wa Sikonge tulikuwa watu wa nyuki. Mizinga yetu ya magome ilining'inia kwenye miyombo, na mtoto wa kwetu aliijua harufu ya moshi wa mzinga kabla hajajua harufu ya sabuni. Kisha nyuki wakaanza kuhama. Ukiugonga mzinga unalia kama debe tupu. Mwaka uliofuata miyombo yenyewe ikakataa kuchipua. Visima vikatoa tope, tope likaisha, vikatoa vumbi.

Majirani wakasema tusubiri, mabomba yanakuja. Mimi nikawaambia, nyuki hana redio wala hahudhurii mikutano. Akihama, na wewe funga mzigo.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, Lwamba, ile nchi mpya ya milimani, mbele ya Sumbawanga. Kule walikuwa wamegundua namna ya kunasa ukungu kwa nyavu. Nyavu kubwa kama viwanja vya mpira, zimesimamishwa vilimani, ukungu ukipita unanata, mashine inaukamua kama tui, yanashuka maji. Lakini ukungu nao una kiasi chake. Kwa hiyo Lwamba hawakuhesabu watu wala vyumba. Walihesabu midomo. Kila kaya inapewa maji ya midomo fulani, haiongezwi hata kijiko.

Na walikuwa na sharti la pili. Kaya isiyo na mzee haipiti langoni. Zamani walipokea vijana watupu, vijana wakapigana kwa ajili ya mifereji mpaka damu ikaingia kwenye maji. Tangu hapo wakasema, kila kaya ije na mtu wa kuamua ugomvi.

Mwanangu Mgalula alikuwa fundi wa mabomba, na Lwamba walitaka mafundi. Siku alipopata jibu alinikuta nachambua nsansa, yale majani ya kunde tuliyokausha ya mwisho. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, tumepata."

"Sote?"

"Kaya yetu imepata, mama."

Nilimuuliza watu, akanijibu kaya. Sikio langu lilisikia, moyo ukapuuza. Moyo wa mama una kazi nyingi, mwanangu, mojawapo ni kuwa kiziwi.

*

Nyumbani tulikuwa wanne. Mimi Kalunde, mwanangu Mgalula, mkewe Siwema, na binti yao Nyamizi, msichana mkubwa aliyemaliza chuo cha mitambo. Nyamizi ana jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana namwita mama, naye akinidekea ananiita mwanangu. Tumbo la Siwema lilikuwa limeanza kusema, ingawa mwenyewe alilifunga khanga mbili akidhani sioni. Mimi niliyezalisha nusu ya Sikonge! Nilinyamaza tu, nikingoja waniambie wenyewe, nijifanye nimeshtuka.

Nyamizi alikuja na kibuyu. Si kibuyu cha asali. Hiki kilikuwa cha kijivu, laini kama ngozi ya sikio, kina uzi wa kuning'iniza. Akakitundika juu ya stuli yangu.

"Bibi, nitegee."

"Nikutegee nini, mama, wewe msomi?"

"Vitendawili. Hiki kinavipenda."

Basi nikatega. Kila siku baada ya kazi anaketi miguuni pangu, kibuyu juu yetu, natega, anategua, tunacheka. Vitendawili vikiisha ananiuliza mengine. "Bibi, ugali ni wa mtu mmoja na wamekuja wawili, unafanyaje?" "Bibi, mwanao akiiba, utamficha au utamtaja?" "Bibi, unaogopa nini kuliko vyote?" Nami najibu, mara kwa kweli, mara kwa mzaha. Kibuyu kikawa na joto, unaweza kukikumbatia kama mtoto aliyelala.

Nilidhani ni mapenzi. Nilisema moyoni, tazama, vijana wa leo hawana muda na wazee, lakini huyu wangu anakunywa maneno yangu kama maziwa.

*

Jongoo lilifika asubuhi. Hujawahi kuliona? Ni gari refu la pingili pingili, kila pingili ina miguu yake ya chuma, maana barabara zilishakatwa na mafuriko ya zamani na tairi hazina kazi tena. Linatembea juu ya makorongo likijikunja, na kila pingili unaweza kuiunga na kuifungua.

Dereva akateremka, kijana mnene mwenye kofia ya ukindu. Akanitazama kichwa mpaka miguu.

"Huyu ndiye mzigo, au mizigo bado iko ndani?"

"Wewe ni nani usiye na adabu?"

"Naitwa Kondo, Mzaramo wa Kisarawe."

Nikapiga kigelegele. Mtani! Mnyamwezi na Mzaramo hawasalimiani, wanatukanana, ndiyo salamu yenyewe. Tangu enzi za misafara mababu zetu waliachiana ruhusa hiyo. Mtani anaweza kukunyang'anya kuku, anaweza kukuzomea msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa.

"Haya," nikamwambia, "Mzaramo amepewa gari! Ninyi mkikosa ngoma mnacheza hata king'ora cha zimamoto."

"Na ninyi wapagazi! Babu yako alibeba pembe ya ndovu kwa kichwa mpaka pwani, akaitua mlangoni kwa babu yangu, babu yangu akamwambia ahsante weka pale. Leo Mzaramo anambeba Mnyamwezi. Dunia imepinduka."

Siwema alicheka mpaka akashika tumbo. Mgalula hakucheka.

Tukapakia. Vitanda, masufuria, magunia ya michembe ya viazi vikavu, kinu, cherehani ya Siwema, nyaya na spana za Mgalula. Vyangu vilikuwa haba, kitanda cha kamba, kasha la nguo, mzinga mmoja wa marehemu mume wangu, na mafiga.

Nikueleze mafiga. Katika ukoo wetu, nyumba haijahama mpaka mafiga yametoka. Mawe matatu ya jiko, yanakuwa ya mwisho kutoka na ya kwanza kushuka. Mama wa nyumba anayainua mwenyewe, bado yana joto, anayafunga kwenye ngozi. Mfike mahali papya, kabla hamjashusha hata mkeka, mawe yanakaa chini, moto unawaka, ndipo mnaitwa watu wenye kwao. Nilikuwa nimejiuliza kimoyomoyo, hawa watoto wa mashine watakumbuka?

Mgalula akamwambia Kondo, bila kunitazama, "Vya mama vyote viwekwe pingili ya mwisho. Na mafiga."

Machozi yalinilenga, nakwambia. Cha mwisho kupakiwa ni cha kwanza kushushwa. Mwanangu hakusahau! Nikamshika bega, nikamwambia, "Baba yako angekuwepo angetamba." Akaondoa bega polepole, akaenda kukaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Kondo akabeba mafiga, akanikonyeza.

"Bibi mtani, nimekuweka mkiani. Unajua mkia wa jongoo hukatika?"

"Ukikatika nitakukalia kichwani!"

"Mie nakwambia tu. Mpakani nakuangusha kama gunia la pumba, nile ubwabwa wa msiba wako nikiwa mzima."

Nikacheka mpaka nikakohoa.

*

Tulipita Inyonga, tukapita Mpanda. Misitu niliyoijua nikiwa msichana ilisimama myeupe kama mifupa. Ndani ya pingili ya mbele mlikuwa na viti, na Nyamizi alikifunga kibuyu kwenye kiti chake chenyewe, kwa mkanda, na mto mgongoni. Nikamwambia, "Mama, hata mimi sina mto." Akanipa wa kwake. Mto wa kibuyu hakuutoa.

Kila tukisimama kupoza miguu ya jongoo, nilitaniana na Kondo. Pale Inyonga nilimpa michembe, akatafuna, akasema, "Tamu. Nitaila vizuri zaidi ukishabaki langoni." Pale Mpanda akaniambia, "Bibi, wenzako wamefunga mizigo, wewe wamekufunga macho." Nikamwambia Mzaramo anajua methali! Nani kamfundisha? Akanitazama muda mrefu kuliko mzaha unavyotaka. Kisha akavaa kofia yake, akarudi kwenye usukani.

Mwanangu, utani una mlango mmoja tu, na kila kitu kinapita mlango huohuo. Nilisikia neno, nikaona limevaa nguo za mzaha, nikalikaribisha kama mzaha.

*

Lango la Lwamba liko katikati ya vilima viwili. Ukungu ulikuwa unashuka, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, nilihisi ngozi ya uso imelowa bila kunawa. Nilifumbua mdomo nikauonja. Nikasema, Mgalula, umetufikisha.

Afisa wa lango alikuwa mama wa makamo, sweta la kijani, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Karibuni. Mzee wa kaya yuko wapi?"

Nikarekebisha khanga, nikasimama. "Nipo hapa, mwanangu."

Alinitazama, kisha akamtazama Mgalula. Nyamizi akapita mbele yangu na kibuyu, akakiweka juu ya kiti cha wageni, akakiegemeza mto.

"Huyu hapa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Afisa akakisogelea kibuyu, akakiinamia kwa heshima kabisa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi na baridi hii?"

Ilikuwa sauti yangu. Si kama ile ya kurekodi, yenye ukwaruzo. Ilikuwa sauti yangu ya leo, na kikohozi changu kidogo kabla ya neno.

"Tunaijaribu hekima yako, mzee, ndiyo desturi," akasema afisa. "Majirani wawili. Nyuki wa mmoja wamehamia mzinga wa mwenzake. Aliyehamwa anadai asali. Amua."

"Sikieni wanangu," kibuyu kikaanza, na ndivyo ninavyoanza mimi. "Kwanza niambieni, mzinga ulioachwa ulikuwa unafukizwa kwa moshi gani? Nyuki hahami bure. Mwenye moshi mkali asidai, ajilaumu. Lakini mavuno ya kwanza, aliyehamiwa amwite mwenzake wale pamoja. Kesho nyuki watahama tena, na hakuna ajuaye watakwenda kwa nani."

Afisa akatabasamu. "Mzee amepita."

Nami nikacheka! Ndiyo, nilicheka. Nikasema, "Jamani, mashine inaniiga hii! Nyamizi, mama, umeifundisha mpaka kikohozi!" Nikawageukia wote wacheke na mimi. Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu nikasikia chuma kinalia, krr, krr. Kondo alikuwa anaifungua pingili ya mwisho.

Sasa umelipata jibu la kitendawili chako. Mgeni wangu ni mimi.

*

Yule afisa alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Aliniketisha, akanieleza kama mtu anavyomwelewesha mgonjwa. Mimi niliishia darasa la saba, nami nakueleza nilivyoelewa.

Kibuyu kile hakihifadhi sauti. Kinajifunza namna mtu anavyoamua. Unakipa maswali madogo mengi, kinatazama unakwenda upande gani, wapi unasita, wapi unadanganya. Vitendawili ndivyo vinakilisha vizuri zaidi, maana anayetega kitendawili anaonyesha jinsi anavyoficha kitu na jinsi anavyotaka kigunduliwe. Kikishiba, kinakuwa kivuli chako. Ukikiuliza jambo ambalo hujawahi kuulizwa, kinajibu kama ambavyo ungejibu. Hata chenyewe kinajiona ni wewe.

"Lwamba tunakikubali kivuli kuwa mzee wa kaya," akasema. "Kina hekima na hakinywi."

"Na mimi ninayekunywa?"

"Kaya yenu ina maji ya midomo minne. Mdomo ulio tumboni nao tunauhesabu." Akamtazama Siwema, na Siwema akainamisha kichwa. "Mtu na kivuli chake ni mzee mmoja. Mmoja akiingia, mwingine hubaki. Hapa langoni tuna mabanda ya wanaobaki, wanapewa uji."

"Nani anaamua nani aingie?"

"Mwenye mwili. Ukiweka kiganja juu ya kibuyu ukasema ndiyo, kinaingia. Ukisema hapana tunakizima, kaya inabaki na midomo mitano kwa maji ya minne. Basi mwingine abaki badala yako, au mrudi wote." Akasita. "Kwa kawaida kaya inamweleza mzee wake nyumbani. Wewe hukuelezwa?"

Niliwageukia. Mgalula alikuwa anatazama viatu vyake. Siwema kakumbatia tumbo. Nyamizi alikuwa anauzungusha uzi wa kibuyu kidoleni, mpaka kidole kikawa cheusi.

"Kwa nini hamkuniuliza?"

Nikamsogelea mwanangu.

"Mgalula, nakuuliza wewe niliyekunyonyesha. Kwa nini hamkuniuliza? Mngesema, mama, mtoto anakuja na maji hayatoshi, ningekubali kabla hujameza mate! Mimi ni mtu wa kunyimana maji na mjukuu? Hivyo ndivyo mnavyonijua?"

"Mama..." akaanza, nikamkatiza.

"Watu wanasema mtupa jongoo humtupa na mti wake. Ninyi mmewashinda wahenga. Jongoo mmemtupa, mti mnaondoka nao!"

Siwema alipiga magoti kwenye tope. "Mama, nisamehe, nilitaka kusema."

"Inuka, utampa mtoto baridi," nikamwambia, na nilijichukia kwa kusema hivyo, maana nilitaka kubaki na hasira yangu nzima na tayari nilikuwa nimeimega.

*

Nikatoka nikamfuata Kondo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya pingili yangu, kofia mkononi.

"Mtani, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaninyamazia."

"Bibi! Nilikwambia Sikonge, nikakwambia Inyonga, nikakwambia Mpanda. Wenye majongoo wametupiga marufuku kutia mdomo mambo ya abiria, ukisikika unanyang'anywa usukani. Mdomo uliobaki huru ni wa utani. Nilikutania mpaka nikaishiwa."

"Na mimi nikacheka."

"Ulicheka mpaka ukakohoa."

Akaigeuzageuza kofia yake. Nikamwambia tu, "Mzaramo wewe," lakini sauti haikutoka na mzaha wake.

Nikarudi ndani, nikamwomba afisa aniachie chumba na kile kibuyu. Wote wakatoka. Nikavuta kiti mbele yake.

"Wewe ni nani?"

"Kalunde."

"Na mimi?"

"Kalunde mwenye magoti mabovu."

Nusura nicheke. Hiyo ndiyo shida ya kugombana na nafsi yako, inajua pa kukutekenya.

"Ulijua haya?"

"Nilijua."

"Ukakaa kimya, umefungwa mkanda, una mto mgongoni!"

"Sikukaa kimya. La kusema nililisema mapema."

"Ulisema nini? Kwa nani?"

Kikakohoa kikohozi changu. "Kalunde, ungekuwa hapa nilipo, ungewasema wanao kwa watu?"

Kilinijua. Nisingewasema. Ningewafunika mpaka kaburini, hata mbele yangu mwenyewe.

"Unaogopa kuzimwa?" nikakiuliza baadaye.

"Wewe unaogopa kufa?"

"Sana."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Tukakaa. Nje nilimsikia Mgalula akilia, kile kilio cha kujizuia, kama alivyolia siku tulipomzika baba yake. Nikawaza niseme hapana. Wangerudi na mimi Sikonge kwenye vumbi, tungekufa pamoja, na kabla ya kufa wangeniomba radhi kila siku. Utamu wa jambo hilo ulinipanda kinywani, sikufichi. Au niseme mwingine abaki. Nani? Mgalula fundi, ambaye bila yeye hakuna kaya? Siwema na tumbo lake? Alibaki Nyamizi, mwenye jina la mama yangu, aliyekilisha kibuyu maneno yangu kijiko kwa kijiko. Nikamwona ameketi peke yake kwenye mabanda, anakula uji wa langoni katika ujana wake. Na hiki kilicho mbele yangu, kinachoogopa kama ninavyoogopa, nikizime kwa neno moja? Nimechinja kuku wengi. Sijawahi kuchinja kitu kinachoniita kwa jina.

Nikawaita.

"Mgalula. Mwanao akizaliwa, ukimwonyesha kibuyu hiki, mwambie ni bibi yake, sawa. Lakini mwambie pia kwamba bibi yake alikuwa na mikono. Siwema, usibebe ndoo. Mafiga hayaendi. Kibuyu hakiwezi kuinua mawe, na aliyenyamaza hana ruhusa ya kuyagusa. Tafuteni mawe yenu huko."

"Mama, tutakuja kukuona," akasema Mgalula.

"Njooni. Na mkija, mje na jibu la swali langu. Nitakuwa nalingoja kuliko ninavyowangoja ninyi."

Nikaweka kiganja juu ya kibuyu. Kilikuwa na joto lilelile. Nikasema, "Ndiyo."

*

Jongoo bila mkia lilipita langoni, miguu yake ikilia kwenye mawe, likaingia ukunguni pingili moja baada ya nyingine. Kondo aliendesha bila kupiga honi. Mimi nilikuwa nimeshashusha mafiga yangu mbele ya banda, nayapanga, sijui napanga kwa ajili ya nani, niliposikia viatu vinakimbia.

Alikuwa Nyamizi, ng'ambo ya uzio wa nyaya. Alikuwa ameruka kutoka kwenye jongoo likitembea. Matope mpaka magotini, anahema.

"Bibi!"

"Rudi, mama, lango litafungwa."

"Bibi, siwezi kwenda na hili." Akashika waya kwa mikono yote miwili. "Uliuliza kwa nini hatukukuuliza."

Nikainuka kutoka kwenye mawe yangu. "Haya, kwa nini?"

"Tulikuuliza."

"Lini? Acha uongo, mtoto wewe."

"Kabla hatujafunga hata sufuria moja. Ulikuwa umekwenda kuzika kwa kina Mihambo. Baba aliketi mbele ya kibuyu, akakuamkia, akakueleza yote, maji, mtoto, lango, mabanda. Alikueleza vizuri, bibi, bila kuficha. Akasema tukijua kivuli kinasemaje, tutajua utasemaje wewe, ndipo tuje kwako. Akakuuliza kama utakubali kubaki."

Ukungu ulikuwa umemfunika mpaka kiunoni. Nilisogea uzioni mpaka paji la uso likagusa waya.

"Nikasema nini?"

Machozi yakamshuka na kamasi, hakuyafuta.

"Ulinyamaza muda mrefu, mpaka tukadhani kimeharibika. Halafu ukakohoa. Ukasema, 'Hapana, wanangu. Nimewabeba nyote. Safari hii nibebeni mimi.'"